Endymion Porter, sungura wake, na bahari ambayo haikuchorwa

Kuna picha moja ipo Tate Britain pale London, ya rangi ya mafuta, kimo chake kama mita moja na nusu na upana mita moja na robo hivi, ilichorwa kati ya 1642 na 1645 na mchoraji anaitwa William Dobson. Aliyechorwa ni Endymion Porter, bwana mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akihudumu mpaka chumbani kwa mfalme Charles wa Kwanza, na huyu ni mmoja wa watu waliomfanya mfalme yule awe mkusanyaji wa sanaa ambaye Uingereza haikuwahi kuona mfano wake. Kiukweli ni picha ninayoipenda sana. Na imenisumbua sana pia, na chanzo cha kunisumbua kiko huku kwetu, Bahari ya Hindi, ndo maana naandika kwa Kiswahili.

Itazame kwanza. Kaa mbele yake usiwe na haraka. Porter ana umri wa miaka hamsini na kitu hapo, mwili umejaa, mashavu mekundu ya mtu anayekula akashiba na kushinda juani, masharubu yamechongwa, kola ya lesi shingoni, koti la gharama lenye mikono mipana. Mkononi ana bunduki ndefu ya kuwindia. Pembeni kijana mtumishi anamwonyesha sungura aliyeuawa, mbwa yupo karibu, na Porter hamwangalii kijana, hamwangalii sungura wala mbwa, anakuangalia wewe. Hapo kwenye macho ndo Dobson aliniweza, kwa sababu wachoraji wengi wa zama zile wakimchora mkubwa wanampa macho ya mbali, macho ya mtu asiyeguswa na kitu, sasa huyu macho yake yako karibu kabisa, yamechoka kidogo, ni macho ya mtu ambaye ukimsogelea ataanza maongezi na wewe.

Halafu kuna vitu vilivyomzunguka, na hivi ndo vinaifanya picha hii iwe ya mkusanyaji sanaa, maana bila hivyo angekuwa bwana shamba tu aliyetoka kuwinda. Kuna sanamu ya kichwa cha Apolo, yule mungu wa ushairi na muziki wa Wagiriki wa kale. Kuna jiwe lenye nakshi, na kwenye nakshi zile wamechongwa watu wanaowakilisha sanaa: uchoraji, uchongaji, ushairi. Yaani Porter anatuambia mimi naishi katikati ya haya, haya ndo maisha yangu. Na ule mkao wake wote haukubuniwa na Dobson, umechukuliwa kwenye picha ya Kaizari Vespasian wa Roma ya kale aliyoichora Titian, mchoraji mkubwa wa Italia, na hiyo picha ya Titian wakati ule ilikuwa mali ya mfalme Charles. Aliyekuwa anaingia nyumbani kwa mfalme angeutambua mkao palepale. Shikilia hilo la Vespasian, nitalirudia mbele.

Sasa huyu Porter katoka wapi. Alizaliwa 1587 huko Gloucestershire, familia ya hadhi ya kawaida tu ya mashambani lakini bibi yake alikuwa Mhispania, na ujanani akapelekwa Hispania akatumika kwenye nyumba ya Olivares, ambaye baadaye akawa waziri mwenye nguvu kuliko wote kule. Kwa hiyo Porter alirudi Uingereza akiongea Kihispania safi na akijua adabu za kule, na ujuzi huo ndo ulimfungulia milango. Akaingia kwa Duke wa Buckingham, kipenzi cha mfalme, akamuoa Olivia, mpwa wa Buckingham, na mwaka 1623 ikatokea ile safari ambayo mpaka leo wanahistoria wanaisimulia: Charles, hapo bado ni mwana wa mfalme, pamoja na Buckingham, wakaondoka Uingereza kwa siri, ndevu za bandia, majina ya uongo ya kina Smith, wakakatiza Ufaransa kwa farasi mpaka Madrid kwenda kuposa dada wa mfalme Philip wa Nne, na Porter akawa kwenye msafara, maana nani mwingine angewasemea.

Posa ilikufa. Lakini kijana Charles aliona kule Madrid kitu ambacho kwao hakikuwepo, kuta za mfalme zimejaa picha za Titian, na akarudi na baadhi yake, ikiwemo ile ya Kaizari Charles wa Tano amesimama na mbwa wake, ambayo Philip alimzawadia. Kuanzia hapo hakushikika tena. Na Porter akawa ndo mtu wa kumfikia, dalali wa picha wa mfalme tuseme, mwenye kuandikiana barua na wachoraji, mwenye kujua nani anauza nini. Mwaka 1629 van Dyck, mchoraji mashuhuri wa Flanders, akiwa bado kwao Antwerp, alichora hadithi ya Rinaldo na Armida, kazi ikapitia kwa Porter na mfalme akalipa pauni 78, leo picha hiyo ipo Baltimore kule Marekani. Na baada ya hapo van Dyck mwenyewe akahamia London 1632.

Urafiki wa hawa wawili ni kitu cha kweli, sio maneno ya ikulu ya mfalme tu. Ipo picha Madrid, makumbusho ya Prado, ya umbo la yai, van Dyck kajichora mwenyewe pamoja na Porter. Van Dyck kavaa nyeusi na kasimama upande, Porter kavaa satini nyeupe anatazama mbele, na ndiye aliyepewa nafasi kubwa. Van Dyck alichora wafalme na malkia na makadinali lakini rafiki wa kuwekwa naye kwenye turubai moja ni huyu peke yake. Mimi huwa najiuliza mtu anayependwa hivyo na mchoraji wa kiwango kile anakuwaje, na jibu nadhani ni kwamba Porter alikuwa anaona. Wapo matajiri wengi wanaonunua picha na hawazioni. Huyu alikuwa anaziona, washairi nao wanamsifu kwa ukarimu wake, Robert Herrick alimwandikia mashairi, na ukisoma barua zake kwa mkewe Olivia utakutana na mwanaume anayemkumbuka mke wake na anayeumia wakigombana kwa barua akiwa mbali.

Nayasema yote haya kwa sababu sitaki mtu adhani nimekuja hapa kumchafua. Nampenda mtu aliye kwenye picha ile. Ndo maana nilipoanza kumsoma kwa undani kidogo nikaumia.

Hela ilikuwa inatoka wapi? Swali hilo kwenye picha ile halina jibu. Apolo yupo, sungura yupo, bunduki ipo, ila hakuna hata kitu kimoja kinachoonyesha riziki ya mtu huyu. Na riziki yake ilikuwa ya aina ambayo sisi tunaifahamu vizuri sana Afrika Mashariki, riziki ya kuwa karibu na mkubwa. Alikuwa na posho ya mfalme, alikuwa na cheo kwenye ushuru wa bandari ya London, alipata gawio kwenye faini za mahakama, aliingia kwenye mradi wa kukausha ardhi oevu huko Lincolnshire ambapo ardhi waliyokuwa wanaitumia wanavijiji inageuka kuwa ya wenye mkataba. Mfalme Charles hakuwa na fedha za kuwalipa watu wake vizuri, bunge alikuwa halitaki, kwa hiyo aliwalipa kwa vibali. Kibali cha hiki, kibali cha kile.

Na mwaka 1635 Porter na wenzake wawili wafanyabiashara, Bonnell na Kynaston, wakapata kibali cha bahari. Meli mbili, Samaritan na Roebuck, ziende Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu, ziteke mali ya yeyote asiye na urafiki na mfalme wa Uingereza. Muhuri wa mfalme upo, kila kitu kwenye karatasi kiko sawa.

Roebuck chini ya nahodha William Cobb ikaenda kuvizia mlangoni mwa Bahari ya Shamu, pale Bab el Mandeb, njia ambayo kila meli inayotoka Mokha, bandari ya Yemen, kurudi India lazima ipite. Ikazikamata meli mbili, Taufiqi ya Surat na Mahmudi ya Diu, bandari mbili za pwani ya India. Ikazipora. Hizi zilikuwa meli za biashara. Meli za Surat kwenye njia ile zilikuwa zinabeba wafanyabiashara wanaorudi na fedha za mauzo yao, na mara nyingi mahujaji pia, watu waliomaliza safari ya maisha yao wanarudi nyumbani. Na Surat ilikuwa bandari ya milki ya Mughal, iliyotawala sehemu kubwa ya India, milki ambayo Waingereza walikuwa na mkataba wa biashara nayo na wana ofisi palepale mjini! Yaani hata kwa maneno ya kibali chenyewe, walioporwa hawakuwa maadui wa mtu.

Habari zilipofika Surat wakubwa wa Mughal walifanya kile ambacho yeyote angefanya, wakamshika Mwingereza aliyekuwa karibu. William Methwold, mkuu wa Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya Waingereza ya biashara na Asia, pale Surat, akawekwa kizuizini, na Kampuni ikalazimika kulipa. Methwold hakuwa amejua lolote kuhusu mpango huo, alikuwa amekaa miaka anajenga uaminifu na watu wa Surat, na sasa analala chini ya ulinzi kwa ajili ya kibali kilichosainiwa London kwa faida ya bwana mmoja mpenda picha.

Hapa nataka nikae kidogo. Nikiwahadithia watu habari hii, jibu ninalopewa mara nyingi ni kwamba zama zile ndo zilikuwa hivyo, kila mtu alikuwa anapora, usimhukumu mtu wa 1635 kwa macho ya leo. Naelewa wanachosema. Ila hoja hiyo hapa haina miguu, kwa sababu walioita kitendo kile unyang'anyi walikuwa watu wa 1635 na 1636 wenyewe. Wenye meli walisema. Gavana wa Surat alisema. Na Kampuni ya India Mashariki, Waingereza tena wafanyabiashara wasio na huruma za bure, nayo ilimlalamikia mfalme kwamba jina la Waingereza limechafuliwa na mali zao zimechukuliwa kufidia wizi wa wengine. Kwa hiyo hakuna haja ya macho ya leo. Macho ya siku zile yanatosha kabisa. Porter alikuwa anajua, wenzake walikuwa wanajua, na mfalme, hata kabla malalamiko hayo hayajamfikia, alikuwa ameshatoa Desemba 1635 kibali kingine kikubwa zaidi kwa mfanyabiashara Sir William Courten na wenzake, Porter akiwemo tena, kibali cha kufanya biashara kwenye sehemu zilezile za Kampuni, na meli za Courten zikaondoka 1636 chini ya nahodha John Weddell, zikafika mpaka Canton huko China.

Na ile meli ya pili je, Samaritan? Hiyo ilivunjikia Komoro.

Niliposoma hilo nilifunga kompyuta kwanza nikatoka nje. Kwa sababu Komoro sio jina la kwenye ramani tu kwa mtu wa mwambao. Ni ndugu. Lugha zao na yetu ni za tumbo moja, Mngazija Zanzibar ni jirani wa siku zote, kina mama wa Lamu na Mombasa wana shangazi Moroni. Visiwa vile, hasa Nzwani na Mwali, vilikuwa vituo vya meli za Ulaya zinazoelekea Surat, zinasimama kuchukua maji, ng'ombe, machungwa na nazi, na masultani wa kule walizijua vizuri tabia za wageni hao. Sir Thomas Roe, balozi wa Uingereza kwa Mughal, alipita huko 1615. Kwa hiyo mbao za meli ya Porter, mkusanyaji wa Titian, rafiki wa van Dyck, zilipasukia kwenye mawe ya kwetu.

Na fikiria huku mwambao hali ilivyokuwa miaka ileile. Mombasa ilikuwa chini ya Mreno, ngome ya Fort Jesus imeshajengwa tangu miaka ya 1590, na mwaka 1631 Yusuf bin Hassan aliiteka ngome ile na kuwaua Wareno, mwaka uliofuata akaondoka na meli na akawa anawasumbua Wareno baharini mpaka mwisho wa maisha yake. Nguo za Gujarati zilikuwa zinavaliwa Pate, Lamu, Malindi, zinanunuliwa kwa pembe na ambari. Bahari hii ilikuwa na utaratibu wake wa biashara wa karne nyingi, wenye imani na mikopo na ndoa kati ya bandari na bandari, ukigusa meli ya Surat umegusa mtu Pate anayesubiri mzigo. Porter hakuwahi kuiona. Alikaa London akaweka sahihi.

Huko London nako wakawa wanaota. Miaka ya 1637 na 1638 ulizuka mpango wa kumpeleka Prince Rupert, mpwa wa mfalme, kijana wa miaka kumi na saba hivi, akaiteke Madagaska na kuanzisha koloni. Mshairi William Davenant akaandika shairi refu linaloitwa Madagascar, likachapwa 1638, anamwona Rupert akishinda vita kwenye kisiwa ambacho hakuna kati yao aliyewahi kukikanyaga, na kitabu chenyewe kimetolewa heshima kwa nani? Kwa Endymion Porter na mwenzake Henry Jermyn. Mama yake Rupert alikataa mwanawe asiende, na mpango ukafa. Ukafufuliwa na mkusanyaji mwingine mkubwa, Thomas Howard, Earl wa Arundel, huyu ndo aliyekuwa na sanamu za marumaru za Kigiriki na Kirumi nyumbani kwake kando ya mto Thames. Van Dyck alimchora yeye na mkewe Aletheia mnamo 1639, wameketi na tufe la dunia kati yao, na kidole cha Arundel kimewekwa juu ya tufe, juu ya Madagaska. Picha hiyo ipo Vienna. Mimi naiona kuwa ya ukweli kuliko ya Porter, sio kwa uzuri, kwa uzuri Dobson amemshinda van Dyck hapo, lakini angalau kidole kipo, mtazamaji anaona mkono wa mkusanyaji umefika wapi.

Arundel naye hakwenda. Waliokwenda ni watu wa kawaida. Mwaka 1645 watu wa Courten waliwashusha walowezi zaidi ya mia moja kwenye ghuba ya Mtakatifu Augustino, kusini magharibi mwa Madagaska, wanaume, wanawake na watoto, njaa na magonjwa na ugomvi na wenyeji vikawamaliza, mwaka 1646 waliobaki wakaondoka. Miaka michache baadaye wakajaribu tena kaskazini kwenye kisiwa walichokiita Assada, Nosy Be ya leo, nako vilevile.

Turudi kwenye picha. Kwa sababu kuna jambo lingine linabadilisha kila kitu unapoiangalia, nalo ni mahali na wakati ilipochorwa. Mfalme Charles aligombana na bunge lake, akakimbia London Januari 1642, na baada ya vita ya kwanza kubwa akaweka makao yake Oxford. Mji wa wanafunzi ukawa mji wa askari, vyuo vimejaa baruti na nafaka, watu wote wa ikulu ya mfalme wamebanana kwenye vyumba vya maprofesa. Porter alikuwa kule. Bunge lilimfukuza ubunge 1643, na likamweka kwenye orodha ya watu wasiosamehewa, mali zake London zimeshikwa. Van Dyck alikuwa ameshafariki tangu Desemba 1641. Na hapo ndo anatokea William Dobson, kijana wa London aliyezaliwa 1611, baba yake alifuja mali ikabidi mtoto ajifunze ufundi, akawa mchoraji wa mfalme kwenye mji uliozingirwa.

Kwa hiyo sungura yule na mbwa yule na ule utulivu wa kuwinda, vyote ni vya maisha ambayo Porter hakuwa nayo tena. Na Dobson alijua. Mwandishi John Aubrey alimwita mchoraji bora kuliko wote ambao Uingereza ilikuwa imewazaa mpaka wakati huo na sioni sababu ya kubisha. Angalia anavyoipaka rangi usoni mwa Porter, nzito, ya haraka, unaona brashi ilipopita, nyekundu ya shavu haijalainishwa kama kikombe cha kaure, ni nyama ya mtu. Watu wanaozifahamu kazi zake wanasema kadiri vita ilivyoendelea rangi kwenye picha zake zinazidi kuwa nyepesi na turubai kuwa ndogo, vifaa vilikuwa vinaisha Oxford. Hii ya Porter ni ya wakati bado ana rangi ya kutosha, na kaitumia yote.

Sasa la Vespasian. Titian alichora makaizari wa Roma kwa ajili ya mtawala wa Mantua, Italia, kwenye miaka ya 1530, na Charles alinunua sehemu kubwa ya mkusanyo wa Mantua mnamo 1627 na 1628 kwa zaidi ya pauni 18,000, wakati huohuo jeshi lake lilikuwa linateseka kwenye kisiwa cha Ré huko Ufaransa na mwenye benki wake Philip Burlamachi anauliza hela zitoke wapi. Alipokatwa kichwa Januari 1649, bunge likauza kila kitu. Wanaomdai mfalme wakalipwa kwa picha, fundi bomba wa majumba ya mfalme, John Embree, alichukua picha kufidia deni lake la matengenezo. Makaizari wa Titian wakanunuliwa na Hispania, na mwaka 1734 kasri la Madrid lilipoungua wakaungua wote. Leo tunawajua kupitia nakala na michoro iliyochapwa, na kupitia bwana mmoja mwenye bunduki na sungura pale Tate, amesimama mkao wa kaizari ambaye hayupo tena.

Mwisho wa Porter mwenyewe ulikuwa mgumu. Aliondoka Uingereza 1645, akawa Ufaransa, na kwenye barua aliyoandika huko anaeleza kwamba hana nguo ya kwenda nayo mbele za watu zaidi ya suti moja ya kupandia farasi, na kwamba kama sio kinyozi mmoja wa Kiayalandi, aliyewahi kuwa mtumishi wake, angekufa njaa kwa kukosa mkate. Jina la kinyozi hakuandika. Hilo linaniuma karibu sawa na lile la meli, kwa sababu ni jambo lilelile: watu waliombeba Porter hawana majina. Nahodha Cobb tunamjua, Methwold tunamjua, meli zenyewe tunazijua kwa majina, lakini mfanyabiashara wa Surat aliyekuwa amekaa juu ya shehena yake ndani ya Taufiqi asubuhi ile Roebuck ilipotokea, huyo hayumo kwenye kumbukumbu wanazozisoma London, na kinyozi hayumo, na kijana anayeshika sungura kwenye picha naye ni kijana tu.

Alirudi Uingereza 1649, mfalme wake ameshauawa, akafariki Agosti mwaka huohuo. Kwenye wosia aliwaachia wanawe agizo kwamba wao na vizazi vyao waiheshimu familia ya Duke wa Buckingham, kwa maana raha yote aliyoipata duniani aliipata kwa huyo. Alizikwa St Martin-in-the-Fields. Dobson alimtangulia, Oxford ilipoanguka 1646 alirudi London bila mfalme wa kumlipa, akafungwa kwa madeni, akafariki Oktoba akiwa na miaka 35, na yeye pia kazikwa St Martin-in-the-Fields. Kanisa la leo lilijengwa baadaye kwenye kiwanja kilekile, lipo Trafalgar Square, unavuka barabara tu kutoka National Gallery.

Kuna wanaosema picha kama hizi zitolewe ukutani. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, na sio kwa sababu ya kuogopa ugomvi. Ikishushwa, na Roebuck imeshuka nayo, maana ni nani atakayeuliza habari za meli kama sura haipo? Ninachotaka ni kwamba mtu wa kutoka Surat, Moroni au Pate akisimama pale, maelezo ya pembeni yawe na meli mbili ndani yake, yenye majina Taufiqi na Mahmudi, kama yalivyo na Titian na Apolo. Wanafunzi wa historia ya sanaa wanaokaa Ulaya na mnaosoma Kiswahili, hii kazi ni yenu kabisa, nyaraka za Kampuni ya India Mashariki zipo British Library hapo hapo London, na barua nyingi za kutoka Surat za miaka ile zimeshachapwa, sio lazima mwanzie kwenye makaratasi yaliyofifia. Kuna mtu anatakiwa akae nazo akitafuta Komoro ukurasa baada ya ukurasa, mtu anayejua Nzwani ni wapi bila kuangalia ramani.

Kwa mliopo London, Tate Britain kuingia kwenye mkusanyo wao wa kawaida ni bure, shuka stesheni ya Pimlico, ila chungulia kwanza tovuti yao maana huwa wanabadilisha kilichotundikwa. Mliopo Hispania nendeni Prado mkamwone akiwa kijana zaidi ndani ya satini nyeupe karibu na van Dyck, hiyo ilichorwa mnamo 1635, mwaka uleule wa kibali.